Rithimu kwanza: siku moja ya kazi ya kurithisha muziki wa dansi, Iringa

Saa 12:30 asubuhi. Kwa Iringa mwezi wa Juni na Julai, kazi ya kwanza ni kupambana na baridi. Magitaa yaliyolala chumba kisicho na moto yanaamka yamepanda, kwa sababu nyuzi za chuma zikipoa hujivuta. Saksafoni na tarumbeta hufanya kinyume: hewa baridi ndani ya bomba inashusha sauti. Ukiyatyuni yote asubuhi hii, jua likitoka gitaa litashuka na saksafoni itapanda, na kufika saa nne hayapatani kabisa. Kwa hiyo magitaa yanatolewa kwenye mifuko mapema na kuachwa yazoee chumba. Saksafoni inapulizwa dakika tano bila kutoa sauti, pumzi tu, hadi shingo yake iwe vuguvugu. Ndipo unatafuta A ya 440, noti ya kutyuni yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Saksafoni ikiwa chini, sukuma mdomo wake uingie zaidi kwenye shingo. Ikiwa juu, uvute utoke kidogo. Ridi, ule ulimi mwembamba unaotetema kwenye mdomo wa saksafoni, inalowekwa mdomoni dakika mbili, maana hewa kavu ya huku juu huikunja ncha, na ridi iliyokunjika hupiga kelele kama filimbi kwenye noti za juu.

Saa 2 asubuhi. Kaseti. Nyingi zinazoletwa na familia za wanamuziki wa zamani ni nakala ya nakala, zilizorekodiwa kutoka redioni enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Kabla kaseti haijaingia kwenye deki, inakaguliwa kwa macho. Kuna kipande kidogo cha sponji kinachoukandamiza mkanda kwenye kichwa cha deki. Gundi yake huzeeka, sponji hudondoka, na sauti ikawa inapotea na kurudi. Kaseti yenye skrubu tano unaifungua na kuhamishia mkanda kwenye ganda jingine zima. Ile iliyogundishwa inapasuliwa kwa kisu chembamba kwenye mshono, polepole, kuanzia upande wa mbali na mkanda. Ukiona unga mweupe pembeni mwa mkanda, hiyo ni kuvu. Usiicheze, itachafua deki na kuambukiza kaseti zinazofuata. Ipelekwe kando ikasafishwe kwanza.

Kichwa cha deki na raba inayovuta mkanda vinafutwa kila baada ya kaseti moja. Kichwa kwa spiriti na pamba ya kijiti. Raba kwa kitambaa chenye maji kidogo tu, kwa sababu spiriti nyingi huikausha na kuipasua. Kisha kuna skrubu ndogo pembeni mwa kichwa. Sauti ikiwa ya kufunikwa, kama mwimbaji yuko nyuma ya blanketi, igeuze robo mzunguko huku na huku hadi matoazi na maracasi yasikike wazi. Hiyo inafanywa kabla ya kurekodi. Kosa la hapa halirekebishiki vizuri kwenye kompyuta baadaye.

Kaseti ya dakika 60 inaingia kompyuta kwa dakika 60, hakuna njia ya mkato. Kwa faili la WAV (sauti isiyobanwa) la biti 24 na 48 kHz, saa moja ya stirio inakula takriban GB 1. Usihifadhi kwa MP3 peke yake. Hiyo ni ya kurushiana kwenye simu.

Jambo linalowachanganya vijana wengi ni kasi. Mkanda wa kaseti unatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki yenye mkanda wa raba uliolegea huenda polepole, na deki ikipungua asilimia 3 tu, wimbo unashuka karibu nusu ya hatua kati ya noti na noti. Kijana anasikiliza, anaona haupatani na gitaa lake, anahitimisha kwamba wazee walikuwa na tyuni ya siri. Hakuna siri. Sikiliza mahali mpiga besi alipopiga uzi mtupu, E au A, panapovuma bila kubanwa, halafu rekebisha kasi ya faili hadi noti hiyo ikae sawa. Wimbo mzima unajipanga.

Saa 4. Kutenganisha sehemu, na hapa ndipo ninapotumia saa nyingi kuliko kwingine kote. Bendi za dansi zilirekodi studio ya redio zikipiga kwa pamoja, waimbaji na vyombo kwa mkupuo mmoja. Solo, gitaa linaloimba juu ya mengine, na sauti za waimbaji ndizo zilizokaa mbele. Gitaa la rithimu, linaloshikilia wimbo, na sekondi solo, gitaa linaloijibu rithimu, vilibaki nyuma, na kila nakala ya kaseti ilizidi kuvizamisha. Matokeo yake tunayaona leo: kijana anayejua kila noti ya mpiga gitaa wa zamani Mbaraka Mwinshehe kwa solo ni rahisi kumpata, anayejua rithimu iliyokuwa inamshikilia ni adimu. Solo bila rithimu yake haichezeki.

Zamani ngazi ilikuwa ndani ya bendi yenyewe. Kijana aliingia akabeba vyombo, akapewa maracasi, akakaa kwenye rithimu kwa muda mrefu akimtazama mtu wa solo mikono. Mashirika ya umma ndiyo yaliyonunua vyombo na kulipa mishahara: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na hapa kwetu Iringa, miaka ya 1980, kiwanda cha kuchonga almasi kilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, wana Fimbo Lugoda, jina la mtindo wao. Mashirika yalipoyumba, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Ngazi ikakatika hapo, na si kwa sababu vijana hawaupendi muziki huo.

Namna ya kuitoa rithimu: punguza kasi ya faili hadi asilimia 50 bila kubadili sauti, kata besi chini ya 200 Hz, kata pia zile za juu kabisa, sikiliza kwa hedifoni. Andika kwanza mahali inaponyamaza. Mpiga rithimu mzuri wa dansi huacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo sekondi inapoingia.

Saa 6 mchana, ugali na maharage. Umeme ukikatika, faili lililokuwa linarekodiwa linapotea, hivyo deki na kompyuta viko kwenye betri ya akiba.

Saa 8. Nyumbani kwa mzee wa bendi za zamani, Kihesa. "Kamwene, baba." "Kamwene, karibu ndani." Ukianza kwa kumwambia akusimulie historia yake, utapata hadithi aliyokwishaisimulia mara nyingi. Mpe gitaa, mchezeshee wimbo, mwombe apige ile sehemu isiyosikika. Mikono inakumbuka kuliko mdomo. Vidole vya mzee mwenye baridi yabisi haviwezi nyuzi nzito, basi gitaa linalokwenda kwake lina nyuzi nyembamba za inchi 0.009 badala ya 0.011. Kama bado anaumia, shusha tyuni hatua moja nzima na ufunge kapo, kibanio cha nyuzi, freti ya 2 (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa): sauti inabaki ileile, mkono unapumzika.

Simu iwekwe hali ya ndegeni. Kamera isimame nyuma ya bega lake la kushoto ikiangalia chini, ili freti zionekane jinsi yeye anavyoziona. Picha ya kutoka mbele inamlazimisha mwanafunzi kugeuza kila kitu kichwani. Mwanzo wa kila rekodi sema tarehe, mahali, jina la wimbo, tyuni. Halafu muulize nani alisimama wapi jukwaani. Swali hilo huleta majina ambayo hayamo kwenye lebo yoyote.

Saa 10 jioni. Vijana. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, kaeni duara." Hakuna anayegusa solo katika wiki za mwanzo. Tunachukua C, F, G, kisha C, na kila gitaa linapewa makazi yake. Rithimu inakaa chini, freti ya 1 hadi ya 3, ikichambua nyuzi moja moja badala ya kukwangua zote. Sekondi inashika C ya nyuzi tatu tu: uzi wa 3 na wa 2 freti ya 5, uzi wa 1 freti ya 3. Solo inaanzia freti ya 8 kwenda juu, kwenye nyuzi mbili nyembamba. Yakikusanyika yote freti ya 3, hata yakipigwa kwa usahihi, kinachosikika ni tope.

Kosa la pili ni wote kugonga kwenye pigo moja. Dawa yake: sekondi anyamaze mpaka asikie rithimu inamaliza, ajibu. Wapige hivyo dakika kumi, bila ngoma, kwa sauti ndogo kiasi kwamba kila mmoja anamsikia jirani. Kosa la tatu huja kwenye chemko, waimbaji wanapoacha na magitaa yanachukua usukani: vijana wanakimbia. Wazee walipandisha moto kwa kujaza nafasi, mwendo ukibaki karibu uleule. Ninawawekea metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kisha ninaizima katikati na kuiwasha tena ili waone wamekimbia kiasi gani.

Saksafoni ya tena (tenor) inaingia mwisho, na noti zake zina majina tofauti na ya gitaa. Gitaa likiwa C, saksafoni ya tena inapiga D. Saksafoni ya alto inapiga A. Wapiga magitaa wanapenda E, lakini E inampa mtu wa tena F# yenye kruzi (alama za kupandisha noti) sita, na anayeanza hatafika mbali. Funga kapo freti ya 1, shika maumbo yaleyale ya E, sasa mko F, na mtu wa tena anapiga G yenye kruzi moja.

Saa 2 usiku. Faili za leo zinakwenda diski mbili, moja ibaki hapa, nyingine ilale nyumba tofauti. Jina la faili: mwaka-mwezi-siku, wimbo, chombo, freti. Kwenye daftari tunaandika mtunzi, waimbaji, na kila mpigaji kwa chombo chake, mzee anasaini, nakala inabaki kwa familia. Siku wimbo ukitaka kurekodiwa upya, familia itakwenda nayo Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ikiwa na kitu mkononi.

Kaseti ya kesho ni ya dakika 90. Mkanda wake ni mwembamba zaidi na hujisokota ukirudishwa kwa kasi, kwa hiyo itazungushwa mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wa kawaida mara moja kabla ya kurekodiwa, na deki iwe imewashwa kuanzia saa moja na nusu.