Sikumnyang'anya binti yangu simu, nilimpa kazi

Nimechoka na ushauri wa "mnyang'anye simu". Ndugu, majirani wa hapa Uyole, Mbeya, wote wimbo huo huo. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, simu haimtoki mkononi. Mimi nikampa kazi.

Viazi vilikuwa vingi na madalali waling'ang'ania lumbesa, gunia limevimba kichwa kwa bei ile ile. Nikamwambia, "Mwanangu, nitafutie mnunuzi Dar kwa hiyo simu. Kila gunia una chako." Nikampa na hela ya bando, buku mbili tatu hivi.

Nilijua atapiga simu. Hakupiga hata moja! Aliwaita vijana waning'inize gunia kwenye mzani, akarekodi mshale ukipanda mpaka ukatulia kwenye kilo 100. Kisha akachukua kiazi, akakikata katikati mbele ya kamera, akakigeuza taratibu waone ndani hakina doa. Video haikufika dakika moja. Jioni watu wa soko la Mabibo wanauliza bei, naye anawajibu kwa meseji za sauti. Nikamuuliza kwa nini hapigi. "Mama, ukipiga unamkatiza mtu shughuli zake. Sauti ataisikiliza akipata nafasi." Miaka yote nilidhani kutopokea simu ni dharau.

Ukitaka kuwajua watoto wetu hawa wa simu, usiulize "unafanya nini huko?" Sema "hebu nionyeshe", halafu kaa uangalie.

Ila wasikudanganye kwamba wanajua kila kitu. Mmarekani Marc Prensky aliandika mwaka 2001 kwamba vijana hawa ni wenyeji wa dunia ya kidijitali, sisi wakubwa ni wahamiaji. Basi mwenyeji wangu aliletewa ujumbe wa "umepokea" kutoka namba ya mtu binafsi, akaanza kushangilia na kuita wapakiaji. Nikasema simama, angalia salio kwanza. Halijasogea hata shilingi. M-Pesa inaingia nchini mwaka 2008 yeye alikuwa mgongoni kwangu. Ujanja wa matapeli nimekua nao mimi. Alikasirika, akamfungia yule mtu, akatafuta mwingine.

Mzigo uliondoka kwa kilo, bila lumbesa. Chake nilimpa siku hiyo hiyo, maana ukimzungusha mtoto hela yake, msimu ujao hakusaidii. Wateja anatafuta yeye, salio nakagua mimi.