Mlingoti Ushushwe Kabla ya Kulipa

Mwezi uliopita nilikwenda Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, kutazama mashua iliyokuwa ikiuzwa, yenye urefu wa karibu mita 9, na kabla hatujagusa suala la bei nilimweleza mwenyewe sharti langu moja: mlingoti ushushwe tuutazame ukiwa umelala mchangani. Aliona ninamsumbua. Alinieleza kwamba chombo kimetoka kuvua juzi, kwamba tanga ni jipya, na kwamba hakuna mnunuzi aliyewahi kumtaka jambo kama hilo. Nilimjibu kwa adabu kwamba ujira wa watu wa kuushusha nitautoa mimi, naye akaridhia.

Sikushikilia jambo hilo kwa ubishi. Miaka kadhaa nyuma nilinunua mashua kwa kutazama rangi, tanga na ubavu tu. Siku moja ya kusi kali, baina ya Nungwi na Tumbatu, kitako cha mlingoti kilichomoka mahali pake, mlingoti ukalalia upande, na kitako hicho kikasukuma ubao wa chini hadi ukaachana na taruma, yaani mbavu za chombo. Tulikuwa watu wanne, tukatoa maji kwa zamu mpaka tukafika nchi kavu, na ninamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba tulirudi sote. Fundi alipofungua akaukuta mwashiri, yaani lile gogo lililopigiliwa juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo) ambalo kitako cha mlingoti huingia ndani yake, umeoza wote kwa ndani ilhali juu umepakwa mafuta na unang'aa.

Wengi wetu tunadhani kwamba adui wa mbao ni maji ya bahari, lakini chumvi kwa kweli huzuia uozo. Kinachoozesha zaidi ni maji ya mvua. Wakati wa masika mvua huteremka na mlingoti kutoka juu hadi chini, ikapita kwenye tundu la boriti ya kukingama na kuishia katika shimo la mwashiri, ambako hakuna jua wala upepo, na maji yasipopata njia ya kutokea hukaa humo wiki nzima. Mlingoti ukiwa umesimama, mahali hapo hapaonekani hata ukiinama na tochi.

Basi tulichagua siku za bamvu, yaani za maji makuu ya bahari, kwa kuwa maji ya kwetu siku hizo hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4, na chombo hukaa pakavu kwa saa za kutosha kazi. Tulikiegemeza kwa magogo pande zote mbili, tukatua foromali, ule mti wa kubebea tanga, tukafungua tanga, kisha fundi, mzee wa Nungwi niliyekwenda naye, akachora alama ya mkaa kwenye mlingoti upande unaotazama omo, yaani mbele ya chombo, ili utakaporudishwa ukae vilevile ulivyozoea kukaa. Kamba nne zilishikwa na watu wanne, mmoja mbele, mmoja nyuma na wawili ubavuni, ndipo kabari zilizokuwa zikiubana mlingoti kwenye boriti zikagongwa zikatoka moja moja. Hatua hii haitaki haraka, kwa sababu kabari ya mwisho ikishatoka, uzito wote unabaki mikononi mwa watu.

Mlingoti wenyewe, wa mvinje, ulikuwa mzima. Nyufa zake zilifuata urefu wa mti, na nyufa za namna hiyo huja mti unapokauka. Ninayoiogopa mimi ni ile nyembamba inayokata mti kwa upana, hasa karibu na boriti na pale juu linapofungwa kapi la henza, kamba ya kupandishia tanga, kwa maana huo ni mti ulioanza kuvunjika. Fundi aliugonga kwa nyundo kuanzia ncha hadi chini, akisikiliza sauti. Alipofika shubiri moja juu ya kitako, mlio ukabadilika, ukawa mzito kama wa kugonga gunia la unga.

"Mwanangu, tia kisu hapo," akaniambia.

Nilikitia, kikazama hadi nusu ya bapa bila nguvu yoyote. Tulipochungulia ndani ya mwashiri tukakuta maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye harufu ya uyoga, na fundi alipotia vidole akatoa mbao iliyolainika akaipekecha baina ya vidole mpaka ikawa kama unga wa kahawa. Mwenye mashua alisimama pembeni yetu akitazama. Ninaamini kabisa kwamba hakuwa akijua, na ndiyo maana nasema kushusha mlingoti ni haki ya muuzaji pia.

Kabla maji hayajajaa tulifanya jaribio jingine ninalolipenda: tulimimina ndoo kadhaa za maji ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, tukateremka kuuzunguka mkuku na kutazama yanapovujia. Mashua iliyokaa juani mbao zake hunywea, kwa hiyo kuvuja kidogo kwenye maungio ya kalafati, yaani yaliyozibwa kwa pamba, si kasoro, mbao zikilowa zitavimba na kuziba. Tone linalotoka kwenye msumari ndilo la kulitilia shaka, hasa likiacha mchirizi wa kutu, kwa sababu chuma kinacholika hula na mbao iliyokizunguka. Tulipata misumari 3 ya namna hiyo, yote upande wa tezi, yaani nyuma. Dalili za yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao, ambaye kwa asili ni wa jamii ya chaza, hatukuziona. Chombo kilikuwa kikibabuliwa chini kwa moto wa makuti na kupakwa deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ipasavyo.

Tulikubaliana mwenye mashua apunguze bei kwa kiasi cha mwashiri mpya na kazi ya fundi, tukaandikiana kwa sheha, kiongozi wa mtaa, mbele ya mashahidi. Kitako cha mlingoti kimekatwa shubiri mbili, na mwashiri mpya unachongwa kwa mfenesi, ukiwa na tundu dogo chini la kutolea maji ya mvua kwenda ngama, tundu ambalo ule wa zamani haukuwa nalo. Alama ya mkaa bado inaonekana. Tunangojea bamvu lijalo tuusimamishe.