Juni huku Uppsala: maua ya porini, mnanaa na mkasi wangu

Jamani mwezi huu wa Juni jioni msinitafute kwenye simu, niko nje. Huku Uppsala, Sweden, jua linazama saa nne ya usiku imeshapita, na ikifika saa tisa na nusu tayari limechomoza tena, yaani ukiamka usiku kwenda msalani unadhani umechelewa kazini (swala ya isha nayo ni mada nyingine kabisa, leo tuiache).

Waswidi wanasherehekea katikati ya kiangazi, midsommar wanaita, na mkesha wake tangu 1953 lazima uangukie Ijumaa, ile inayokuja kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Mji unabaki mtupu, watu wote wanakimbilia mashambani, wanasimamisha mlingoti uliofungwa majani na maua, wanauzunguka wanacheza, watu wazima na akili zao wanarukaruka kama vyura na hakuna anayeona aibu. Na vichwani mashada ya maua ya porini. Sisi watu wa Pwani hilo halitushangazi, mtu aliyekulia kwenye kikuba na asumini anajua maua ni ya kuvaa, ila tofauti ni kwamba kwetu ua linachaguliwa kwa harufu na huku kwa rangi. Nitasema ukweli hata wakinuna, maua yao mengi ya kwenye majani hayanukii chochote! Ni mazuri lakini, prästkrage meupe yenye moyo wa njano, blåklint ya buluu iliyokolea, na midsommarblomster ya zambarau inayoota kandokando ya msitu. Wasichana wanachuma aina saba, kimya kimya bila kuongea na mtu, wanaweka chini ya mto usiku huo ili wamuote mume mtarajiwa. Mie wangu yupo anakoroma pembeni kwa hiyo hiyo imenipita.

Kinachonifurahisha zaidi ni hii haki yao inayoitwa allemansrätten, mtu yeyote hata mgeni aliyeshuka jana airport anaruhusiwa kutembea kwenye msitu wa mtu na kuchuma maua, matunda na uyoga, bora usiingie kwenye bustani ya nyumba wala kukanyaga mazao, na usiguse mimea iliyolindwa, okidi kwa mfano zote ni marufuku nchi nzima. Ila lupini wachume tu mpaka mikono ichoke, yale marefu ya zambarau na waridi barabarani, hayo asili yake Amerika Kaskazini na yakishaingia mahali yanaifukuza mimea ya asili ya huku. Ukimaliza kuyapamba usiyatupe nje yakamwaga mbegu. Na hili naomba mnisikilize vizuri wenzangu mnaopenda kuonjaonja, yale maua meupe yanayokaa kama mwavuli usiyale kama huna uhakika, humo kwenye ukoo wao kuna sprängört ambayo inaua mtu.

Fläder (elderflower kwa Kiingereza) ndiyo pekee nasema inastahili kikuba. Inachanua mwisho wa Juni na inanukia kweli. Sharubati yake: vichala kama 40, ndimu za njano 3 au 4 zilizokatwa slesi, sukari kilo 2 iliyochemshwa na maji lita 2, citric acid gramu 50, unamwagia, unafunika unaweka mahali pa baridi siku tatu nne, unachuja. Vichala usivioshe maana ile poda ya njano ndiyo harufu yenyewe, kung'uta tu wadudu watoke.

Sasa kibustani changu. Ni maboksi ya mbao tu nyuma ya nyumba, mnanaa una ndoo yake peke yake kwa sababu mizizi yake ikiachiwa inatambaa boksi zima. Jirani yangu huwa anaogopa kukata mimea yake, anaitazama tu, mwisho inatoa maua na majani yanakuwa machungu. Kata bwana! Asubuhi umande ukishakauka na jua halijawa kali, hapo ndipo majani yana mafuta mengi, na kata juu kidogo ya pale majani mawili yalipotoka, kila ulipokata yanachipua matawi mawili. Usivuke theluthi moja ya mmea kwa mara moja, basi. Mrihani wa supamaketi nao ni miche mingi imebanwa kwenye kopo moja, igawe kwenye makopo manne utaona inavyopumua. Na kwa taarifa yenu jina la kisayansi la mrihani, Ocimum basilicum, lilitolewa mwaka 1753 na Carl von Linné, profesa wa mji huu huu, bustani yake mpaka leo unaingia unatembea, kwa hiyo nikisema mrihani una kwao huku msinicheke.

Mnanaa nafunga mafungu naning'iniza kichwa chini kwenye stoo yenye giza na hewa, ni wa chai ya Desemba wakati saa tisa alasiri haijafika na jua limeshazama. Dili (dill, kiungo cha majani) na kotmiri ukizikausha zinabaki majani makavu yasiyo na ladha, hizo katakata uweke kwenye trei ya barafu na maji kidogo, tia frizi.

Kotmiri huku ina kichaa chake, mwanga ukiwa mrefu hivi inaona msimu umekwisha, inarefuka na kutoa maua kabla hujala vya kutosha. Wengi wanaing'oa kwa hasira. Mie naiacha, nyuki wanakuja, na baada ya maua zinakuja mbegu za kijani ambazo dukani hupati, hizo usisubiri zote zikauke ziwe giligilani, ponda chache na chumvi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili mbichi, paka samaki umwache nusu saa kabla ya kumweka mkaani. Dili wabaki nayo wenyewe na viazi vyao.