Namba ya chaki kwenye cherehani

Jamani, nimetoka jumuiya sasa hivi, hapa Ipuli, Tabora. Moyo umenijaa.

Leo tumesali kwa mama aliyefiwa na mume.
Cherehani yake imeandikwa 7 kwa chaki. Shemeji zake walipita nyumba nzima wakihesabu mali za marehemu: kitanda, baiskeli, mpaka masufuria. Cherehani aliinunua mwenyewe kwa pesa za kushona sare za shule!
Namba bado ipo. Anaogopa kuifuta.

Katekista akatueleza. Sheria ya mila iliyotangazwa 1963 inasema mjane hana fungu kwenye urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kanuni hizo zinabagua wanawake, lakini ikaziacha zilivyo.

Bibi mmoja akasema, "Rambirambi tunachanga kila msiba. Barua kwa mbunge inatushinda nini?"
Tumekubaliana iandikwe. Kuombea wajane tu haitoshi, nasema wazi.

Jumatatu tunamsindikiza mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi.
Ndugu zangu wa Tabora, nani anamfahamu msaidizi wa kisheria? Na huko kwenu, kanisa au msikiti umewahi kusimama na mjane? Niandikieni.