Kushuka wapi, na tumekaa mkekani?

Tangu Jumamosi nasikia swali la Shangazi kichwani. Nikiosha vyombo lipo, nikipanga majalada pale masijala lipo, nikilala ndiyo kabisa. Mwenyewe pengine alishalisahau kabla pilau haijapakuliwa.

Ilikuwa kwenye harusi ya Kaka Athumani, Chumbageni, hapa Tanga. Ndiyo, kaoa, binti ni yuleyule wa Pangani, na barua yangu ya kupandishwa daraja nayo imetoka wiki hiihii, alhamdulillahi. Hayo nitayaandika siku nyingine. Wanawake tulikuwa uani chini ya turubai, spika mbili zimeelekezwa kwetu. Mwanangu Idrisa, ambaye ana usonji, alivumilia sana. Nilimvalisha vile vifunika masikio vya mafundi wa kiwandani alivyoletewa na baba yake, akakaa ubavuni mwangu akizungusha kifuniko cha chupa ya maji. Mara vigelegele vikapigwa kwa pamoja. Akayabana masikio kwa viganja juu ya vifunika vyake, akaanza: "Shusha! Shusha hapo! Shusha!"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Akanigeukia: "Mama Mwantumu, mtoto mkubwa huyu anaropoka maneno ya daladala mbele za watu, nawe unamtazama tu?"

Nikamwambia, "Shangazi, ananiambia anataka kushuka."

"Kushuka wapi, na tumekaa mkekani?" Kisha akashusha sauti, ile ya kumtakia mtu mema: "Mtoto humcha mama yake, mwanangu. Huyu hakuchi."

Nikambeba Idrisa tukatoka nje, tukasimama ukutani mpaka pumzi zake zikatulia.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua kwamba mpaka miaka minne hakuwa na neno. Yalipokuja, yalikuja kutoka kwenye Hiace za Kange tunazopanda asubuhi na jioni. Hatungi sentensi, anaichukua nzima kama alivyoisikia. "Shusha" ni popote asipopataka: kwa kinyozi, mvua inapopiga bati, ndani ya shati lenye lebo inayomkwaruza shingoni. Wataalamu wanaiita ekolalia, kurudia maneno ya wengine. Zamani ilichukuliwa kuwa makelele ya kuzimwa. Miaka ya 1980 mtaalamu wa usemi Barry Prizant na wenzake huko Marekani waliwasikiliza watoto hawa kwa makini, wakaonyesha kwamba marudio yale mara nyingi yana kazi: kuomba, kukataa, kujituliza. Kwa hiyo Idrisa Jumamosi aliongea. Aliongea vizuri, mahali pake, na mbele za watu.

Tena hakuna aliyempa usonji. Mtu huzaliwa nao, ubongo wake unakua kwa namna yake. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kama mtoto 1 katika 100. Na watoto walivyojaa harusini pale, huenda Idrisa hakuwa peke yake.

Lakini daladala haikuniuma. Kilichoniuma ni "hakuchi". Lawama hii ya kumtwika mama hali ya mtoto ni ya siku nyingi. Daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye usonji aliowaona Marekani, alisema wamezaliwa na hali hiyo, na papo hapo akawasema wazazi wao kuwa hawana joto. Akaja Bruno Bettelheim wa Chicago, akawaaminisha watu kwamba ubaridi wa mama ndio unaomfungia mtoto ndani ya nafsi yake. Fikirieni mama aliyeambiwa hivyo na mtu anayeitwa mtaalamu, kisha arudi nyumbani akapike. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, aliipinga lawama hiyo kwa hoja mwaka 1964. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter wakachunguza jozi 21 za mapacha huko Uingereza. Kwa mapacha wa kufanana, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa na usonji. Kwa wasiofanana, jozi 10, hakuna hata moja. Mapacha wa mama mmoja, nyumba moja, malezi mamoja! Kilichotofautiana ni urithi wa mwilini, si mama. Vitabuni mama tulishanasuliwa. Mikekani bado.

Ndiyo maana kile kikundi chetu cha wazazi wa watoto wenye usonji nakithamini hivi. Pale hakuna anayekuuliza ulimfanya nini mtoto. Mwenzetu mmoja alizungushwa kwa waganga mpaka akauza cherehani yake, na kwamba kule Lushoto ipo Irente Rainbow, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, aliambiwa na mama mwenzake kwenye foleni ya dawa. Ilitakiwa aambiwe siku ya kwanza, na mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, na hasira zangu. Jana baada ya isha simu ikalia. Shangazi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Yule mwanao kalala?"

"Bado."

Akanyamaza, nasikia feni lake linavyokwaruza. "Nimekaa nikifikiri. Akitaka kushuka, husema shusha. Haya, na akitaka mtu akae naye?"

"Husema siti ipo."

"Siti ipo?"

"Ndiyo Shangazi. Hupigapiga mkeka pembeni yake: siti ipo, siti ipo, sogea ndani."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Basi mwambie Jumapili nakuja. Aniwekee, nisije nikasimama."

Lile la "hakuchi" hakulifuta, wala sikumdai. Nilipokata simu nilimpa Idrisa salamu zake. Hakuinua macho kutoka kwenye kifuniko chake, ila alisogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu. Nimefurahi mno, nimemsimulia Baba Mwantumu mara mbili na yeye hajachoka kusikia.

Sasa wa kunikosesha usingizi ni Mama. Leo ndiyo kanitobolea kwamba jicho la kushoto linaona ukungu, mwezi wa pili huu, alinyamaza ili asiharibu harusi. Jumatatu lazima afike hospitali ya Bombo mapema, na Jumatatu hiyohiyo naanza dawati jipya. Mwantumu ana mtihani, baba yake yuko zamu ya asubuhi. Peke yake haendi, barabara haioni vizuri.