Siku moja na nodi 14 kando ya Msimbazi

Saa 11 alfajiri. Kabla sijanawa uso nimeshafungua laptopu. Nodi zetu ni vifaa vidogo vya betri na redio, vinavyopima maji ya Mto Msimbazi na kupokezana taarifa. Nodi ya kwanza iko kimya tangu saa 8 usiku, na kwa kuwa ndiyo mlango wa zote, zile 13 zilizo nyuma yake nazo hazisikiki. Hazijafa. Zina chaji, zinaendelea kupima kina cha maji kila dakika 10, ila hazina wa kumpa taarifa. Hii ni mara ya tatu, na mara zote mbili za mwanzo tulibadilisha betri tukaondoka. Leo sitaki kuondoka hivyo.

Saa 12 na nusu. Basi la mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, begi la vifaa kifuani. Nashuka Magomeni Mapipa, bodaboda hadi daraja la Kigogo.

Saa 2 asubuhi. Fundi mwenzangu ameshafungua kasha la nodi ya kwanza. Mita inasoma volti 2.0. Redio yetu ni chipu ya CC2420, na ikishuka chini ya volti 2.1 haifanyi kazi. Tunafuata ukingo wa mto, matope mpaka vifundoni, karibu kilomita moja hadi nodi ya 14. Huko mita inasoma volti 2.9. Betri za duka moja, zilizofungwa siku moja.

Saa 3. Tumekaa juu ya kiroba cha mchanga, nachora kwenye boksi la betri. Nodi zetu ziko kwenye mstari mmoja, na kituo cha kupokelea kiko mwisho wa mstari, juu ya nyumba iliyo jirani na daraja. Kila nodi hutuma taarifa yake na kupitisha za walio nyuma. Nodi ya 14 inatuma taarifa 1 tu. Nodi ya kwanza inapokea 13 na kutuma 14. Na kupokea si bure: redio hii ikisikiliza inakula miliampia 18.8, ikituma kwa nguvu zote 17.4. Wengi hudhani kutuma ndiko kunakomaliza betri, kumbe kule kukaa macho tu kunatosha. Ukiiacha redio wazi mchana na usiku, jozi ya betri za miliampia-saa 2,500 haifikishi siku 6. Ndiyo maana tunazilaza nodi kati ya taarifa na taarifa. Ya kwanza hailali, kwa sababu kila mara kuna mwenzake anagonga mlango.

"Tuiwekee betri ya pikipiki, yaishe," anasema mwenzangu. Nakataa. Betri ya pikipiki bondeni humu haitalala siku mbili, itachukuliwa. Halafu nodi ya pili inapitisha 12, ya tatu 11. Tukiiokoa moja, inayofuata ndiyo itakayozimika. Kilichokosewa ni mahali pa kituo. Kikihamia katikati ya mstari, upande huu nodi 7, upande ule 7, iliyolemewa zaidi itatuma 7 badala ya 14.

Saa 5. Katikati ya mstari pana genge lenye umeme.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Hicho kidude chenu cha darajani mbona kinazimika kila mara?"

Namweleza, naomba nafasi ukutani na kuahidi kuchangia umeme wa LUKU kila mwezi. Hajibu haraka. Ananionyesha alama ya maji ya Desemba 2011 kwenye ukuta wa ndani, juu ya dirisha. Anasema siku zingine hapa jua linawaka, kumbe mvua imenyesha Pugu, na maji yanakuja bila kubisha hodi. "Fungeni," anasema. "Ila kikijua maji yanakuja, na mimi nijue." Ombi hilo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mchana wote umeisha kwenye kufunga. Sitaki kuusimulia wote, ila antena lazima niziseme. Awali tulizifunga kwenye vigingi vifupi, usawa wa goti, ndani ya matete. Mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili nguvu inayohitajika huzidi mara nne. Karibu na ardhi inaweza kufika mara 16, na matete yenye maji yanakunywa mawimbi. Tumeziinua juu ya mabomba ya mita mbili na nusu. Nodi ya 5 sasa inasikika vizuri tukiwa tumeipunguzia nguvu ya kutuma, hadi miliampia 11. Kilo chache za bomba na zege zimeokoa zaidi ya betri yoyote niliyowahi kununua Kariakoo.

Mwenzangu akauliza kwa nini tusiongeze nodi na kuzibananisha zaidi ili kila moja itume kwa nguvu ndogo kabisa. Kwa sababu kila nodi ya njiani ni redio nyingine inayoamka kupokea. Zikizidi, unacholipa kwenye kusikiliza kinazidi unachookoa kwenye kutuma.

Saa 1 usiku. Nyumbani, miguu bado inanuka tope. Taarifa za nodi 13 zimeingia zote, pande zote mbili. Ya 14 inakosa moja kati ya kila tano; bomba lake tulilisimamisha nyuma ya mnazi. Kesho narudi na panga na mita tatu za kamba, tulisogeze hatua sita kuelekea mtoni.