Jokofu Linalodai Maji

Shemeji yangu alipohamishwa kikazi alituachia jokofu lake la milango miwili, lile lenye mdomo kwa mbele unaotoa maji baridi na vipande vya barafu, nalo likakaa miezi kadhaa jikoni kwetu Ipuli, hapa Tabora, likigandisha nyama kama friji nyingine yoyote. Mdomo ulibaki mkavu, na watoto wakawa wanaukingia bilauri kwa mzaha.

Mwezi uliopita nilimwita fundi bomba. Alikata bomba la sinki, akaweka tii, kiungo cha njia tatu, yenye koki yake, kisha akavuta mpira wa plastiki wa robo inchi hadi nyuma ya jokofu. Ncha ya mpira aliikata kwa wembe mpya, akaikagua kwenye mwanga wa dirisha, akaikata tena, kwa sababu ncha iliyokwenda mshazari huvuja hata ukiikaza vipi. Mpira uliobaki aliuviringisha mara tatu ukutani ili jokofu liweze kuvutwa siku ya kufagia. Nilipomuuliza kuhusu presha alinijibu, "Usiwe na wasiwasi, mama, tangi liko juu, maji yatashuka yenyewe."

Yalishuka, ila kwa kusuasua. Bilauri moja ilichukua karibu dakika nzima kujaa, na asubuhi ya tatu nilikuta chombo cha barafu kimefurika na kuganda kuwa jiwe moja, huku maji yamechuruzika hadi chini ya kabati la unga.

Hapo ndipo nilipokisoma kijitabu cha jokofu, jambo ambalo, nakiri, nilipaswa kulifanya kabla ya kumwita fundi. Kinataka presha isiyopungua baa 1.4 (baa ni kipimo cha presha). Maji yanapaswa kusimama kimo cha takriban mita 10 ili kupata baa moja, na tangi letu limeizidi vali ya jokofu, ile koki yake inayoruhusu maji kuingia, kwa mita tatu tu, yaani baa 0.3. Ili tufikishe kiwango kile kwa mnara peke yake, tungelazimika kulipandisha tangi hadi mita 14 juu ya vali, sawa na kileleni mwa mwembe wa jirani. Tena vali hiyo, ingawa hufunguliwa kwa umeme, husaidiwa na msukumo wa maji katika kujifunga. Msukumo ukiwa hafifu, kiwambo chake, yaani utando unaoziba maji, hakikai sawasawa, na maji huendelea kudondoka usiku kucha.

Fundi alirudi bila ubishi, akafunga pampu ndogo yenye swichi ya presha, na kabla ya mpira akaweka chujio la kuzuia mchanga, maana tangi lililokaa muda mrefu haliachi kuwa na tope chini. Tulimwaga lita kumi za kwanza, zilizotoka nyeusi kidogo kwa vumbi la mkaa wa kichujio kipya cha ndani ya jokofu, pamoja na barafu yote ya siku ile. Kichujio hicho cha ndani hubadilishwa kila miezi sita. Hupunguza harufu ya klorini, lakini hakiui vijidudu, kwa hiyo barafu yake tunaizungushia chupa za soda tu, haiingii ndani ya bilauri.

Sasa bilauri hujaa upesi. Mama mkwe ameonja mara moja kwa adabu, kisha akarudi kwenye mtungi wake wa maji yaliyochemshwa, na sikumbishia.